Jiwe la Mwisho la Maweni

Moroni, wiki moja baada ya mvua kubwa

Papa yangu mpenzi,

Salamu zikukute umekaa kwenye kile kiti chako cha mbao mbele ya mlango, miwani imeshuka puani na nyundo iko karibu na mguu, maana hata siku usiyo na kazi lazima nyundo iwe karibu. Goti la kushoto linasemaje? Mama bado anakunywa dawa yake ya tansio, ile presha ya damu, au anaificha nyuma ya masufuria na kusema amepona? Na ile bati ya jikoni iliyokuwa ikipiga kelele upepo wa ziwa ukivuma, mmeipigilia msumari? Kama bado, mwambie mdogo wangu Kasereka aache kusukuma chukudu zake, baiskeli zake za mbao, Jumapili moja tu, ashuke kutoka Kibati, apande juu ya paa. Mimi sijambo. Nimekonda kidogo na jua la hapa limenichoma, lakini mikono ni ile ile uliyoifundisha wewe.

Najua utauliza kwa nini barua, kama vile simu zimekwisha duniani. Sababu ni mbili. Ya kwanza, tangu ulipomtuma Kasereka aniambie nirudi, hupokei simu yangu. Nimepiga mpaka mama akaanza kunidanganya kwamba umeenda kanisani, siku ya Jumanne, saa nane mchana! Ya pili, kwenye simu unanikatiza. Kwenye karatasi huwezi. Kwa hiyo vaa miwani vizuri, Papa, ukae, unisikilize mpaka mwisho. Anayekuletea ni mama mmoja wa kwetu Butembo aliyekuja kuuza vitenge huku. Anapita Dar es Salaam, halafu barabara yote mpaka Goma, na kwa jinsi safari zilivyo siku hizi, mpe angalau chai kabla hujaanza kusoma.

Maneno yako Kasereka alinifikishia kama yalivyo, hata sauti yako akaiga: «Mumwambie Kavira arudi. Mutu wa volkano iko natafuta nini kwa bahari?»

Nilikasirika, Papa. Nakwambia wazi. Nilikasirika mpaka nikaitupa simu kitandani. Na nilikasirika zaidi kwa sababu wiki ile ile mtu mwingine alikuwa ameniambia neno hilo hilo.

Ngoja nianze mwanzo, kwa maana najua majirani wakikuuliza binti yako amekwenda kufanya nini kisiwani, unajibu «anajenga», basi, unanyamaza.

Siku ya kwanza niliposhuka hapa nilitaka kucheka. Nimepanda ndege mbili, nimelala njiani kwenye kiti, na nilipofika nikakuta mawe yetu. Yale yale meusi, yenye matundu, yanayokata viatu. Volkano iko juu, mji uko chini, na katikati hakuna mto hata mmoja, kama kwetu. Maji ya kunywa watu wanayakinga kwenye paa na kuyaweka ndani ya sitani, tangi la kujengwa chini ya ardhi. Tofauti ni moja tu: sisi chini kabisa tuna ziwa, na ziwa lina adabu. Wao wana bahari.

Na bahari hii inapanda. Si hadithi za redio, Papa, nimeiona. Kuna mwamba mbele ya mtaa ninaofanyia kazi, na wazee wote wanasema walipokuwa watoto walikuwa wakianika nguo juu yake saa yoyote ya siku. Leo maji yakijaa mwamba wote unazama. Mvua nazo zimebadilika. Inakaa muda mrefu bila kunyesha, watu wanakwangua sitani, halafu inakuja yote kwa mara moja, inateremka kutoka mlimani na mawe na takataka, inagonga bahari iliyojaa, inakosa pa kwenda. Basi inaingia katika nyumba za watu.

Mtaa huo unaitwa Maweni. Ni nyumba chache zilizobanana kati ya barabara na ufuo, kuta za mawe, milango mifupi ya kuinamia. Mradi ulioniita ulikuwa na kazi ya kuusaidia mji ustahimili mvua na bahari, na mimi nikapewa Maweni kama msimamizi wa shantie, yaani kazi yote ya ujenzi, kwa sababu walitafuta mtu anayejua kukata mawe ya volkano bila kuyavunja vipande. Walipoona ni mwanamke, waliangalia tena karatasi zangu. Nilichukua nyundo ya mmoja wao, nikapasua jiwe moja kwa mapigo matatu kama ulivyonifundisha, nikamrudishia nyundo yake. Hawakuangalia karatasi tena.

Lakini kulikuwa na sharti, na hili ndilo jambo lenyewe. Ofisi ilikuwa imeshaamua: kama maji yakiingia tena Maweni msimu wa mvua unaokuja, mtaa utavunjwa na watu wahamishiwe juu, kwenye mteremko mtupu usio na kisima, soko wala jirani. Kama maji hayataingia, wanabaki. Basi nikawa mimi na mvua.

Nyumba ninayolala ni ya bibi mmoja anaitwa Moinaecha. Alikulia Zanzibar, kwa hiyo tunaelewana bila shida, ananicheka Kiswahili changu na mimi namcheka chake. Hapa bibi wanamwita «koko», kama vile sisi tunavyosema, na siku ya kwanza niliposikia watoto wakimwita hivyo machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi. Siku watu wa ofisi walipokuja kumweleza habari ya kuhama, aliwapa viti, akawapa juisi ya ndimu, akawaacha wamalize. Kisha akasema: «Wanangu, bahari haikupandishwa na moshi wa jiko langu. Waliopandisha wanajulikana. Iweje nihame mimi?» Akakusanya vikombe vyao kabla hawajamaliza kunywa.

Nilimpenda hapo hapo. Na hapo hapo, Papa, kichwa changu kikavimba. Nilijiona mimi ndiye nitakayemwokoa.

Sasa soma hapa polepole, kwa sababu hili sijamwambia hata Kasereka lote.

Nilifanya kile ambacho mtu yeyote wa Goma angefanya. Kwetu maji ya mvua yakikusumbua unafanya nini? Unachimba shimo, unapasua ule mwamba wa juu mpaka ukute nyufa, unajaza mawe makubwa, basi. Mawe yanakunywa. Umwage pipa, umwage mapipa kumi, yanakunywa tu. Tumekua hivyo. Nikachimba mashimo matatu katikati ya Maweni, mapana, mazuri, kuta zake ungeziona ungesifu, ingawa usingenisifu mbele yangu. Siku ya kuyajaribu tulimwaga pipa zima la maji na likapotea kabla hujakohoa. Watu wakapiga makofi. Nikasema kwa kiburi, mbele ya wote: «Haya ni mawe ya kwetu, nayajua tabia.»

Siku kumi na mbili baadaye mwezi ulikuwa mpevu. Saa kumi za jioni, mbingu safi, hakuna wingu hata la dawa, nilikuwa nafua nguo zangu nikasikia mama mmoja anapiga yowe. Nikakimbia. Maji yalikuwa yanatoka ndani ya mashimo yangu. Yanatoka, Papa, yanapanda kutoka chini polepole, safi, kama mtu anayejaza beseni. Bahari ilikuwa imejaa, na kwa kuwa mawe ni yale yenye matundu, imepita chini kwa chini na kutokea katikati ya nyumba za watu kupitia matundu niliyoyafungua mimi. Kumbe mawe yanayokunywa yanaweza pia kutapika, na sisi kwetu hatujui kwa sababu ziwa halijai na kupwa mara mbili kwa siku.

Yaliingia katika nyumba tano. Kwa Koko yaliingia jikoni, yakaloanisha mchele, halafu yakashuka ndani ya sitani. Maji yake ya kunywa ya miezi yote iliyobaki kabla ya mvua. Aliinama, akachovya kidole, akaonja, akatema. Hakupiga kelele. Alisema tu: «Mwanangu, umetuletea bahari nyumbani.»

Ningependa anipige. Kwa kweli ningependa.

Kesho yake injinia mkuu aliniita ofisini. Ni mtu wa hapa hapa, si mtu mbaya, ana sauti ya chini na kalamu nyingi mfukoni. Msimu wa mvua ulikuwa haujaanza, sharti lilikuwa halijavunjika, kwa hiyo ofisi ilihitaji sahihi yangu. Alinisukumia karatasi moja. Ilisema kwamba mimi, msimamizi wa shantie, baada ya majaribio, nathibitisha Maweni haiwezi kulindwa. Nikitia sahihi, makosa ya mashimo yanafutika, yanakuwa majaribio ya kitaalamu, nami napewa shantie nyingine nzuri upande wa kaskazini. Akasema: «Kavira, usijilaumu. Wewe ni mtu wa volkano. Bahari huijui.»

Siku mbili baadaye Kasereka akanipigia na maneno yako. Sasa unaelewa kwa nini niliitupa simu?

Usiku wa siku ile sikula. Nilikumbuka nyumba yetu ya Murara. Nilikuwa na miaka minane moto uliposhuka, na jambo ninalolikumbuka zaidi si moto, ni wewe uliporudi. Lava bado ilikuwa na joto, ukimwaga maji inafuka. Watu wa serikali walipita na kipaza sauti wakisema hapa hapakaliki tena, tutatafutiwa mahali pengine. Ulisimama pale juu, ukipima kwa hatua mahali ambapo mlango wetu ulikuwa, chini ya miguu yako, umezikwa. Ukasema: «Miye natoka hapa niende wapi? Moto ilipita, imeenda zake. Miye niko.» Viatu vyako vilikuwa vinayeyuka soli na hukusogea. Kisha ukaanza kupasua ile lava yenyewe kujengea. Nyumba unayokaa sasa hivi, Papa, umeijenga kwa kile kilichokuja kukufukuza.

Kwa hiyo wewe, kati ya watu wote, unanitumia maneno nirudi? Wewe?

Asubuhi nilichukua ndoo nikaenda kwa Koko. Sikuomba msamaha kwa maneno, nilivua viatu nikashuka ndani ya sitani. Nilitoa maji ya chumvi ndoo baada ya ndoo, nikasugua kuta kwa brashi, nikasuuza, nikasugua tena. Siku ya pili Koko alileta kigoda akakaa juu ya mdomo wa sitani ananitazama. Siku ya tatu akaanza kuniongelesha. Alinieleza mambo ya bahari kama mama anavyoeleza tabia za mkwe: siku gani za mwezi inakuja juu, siku gani inavivia, saa ngapi, ngazi gani ya msikiti inafika. Vyote vilikuwa kichwani mwake. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nalala katika nyumba ya mtu anayejua kila kitu nilichohitaji, na sikuwahi kumuuliza, kwa sababu nilikuja kufundisha.

Kuanzia hapo kila siku nilichora alama ya makaa kwenye ukuta wa shimo, bahari ilipofikia. Nilikosa daftari mkononi, nikaandika vipimo nyuma ya ile karatasi ya injinia. Mwezi mzima. Iliponijia zamu ya kumrudishia, ilikuwa imejaa tarakimu nyuma, na mbele, pale pa sahihi, hakuna kitu. Aliigeuza, akaisoma muda mrefu. Akasema hawezi kunipa wafanyakazi tena, wamepelekwa kwingine, lakini hatanizuia. Nikamwambia wafanyakazi ninao.

Sikuwa nao, bila shaka. Nilisema tu kwa hasira.

Basi nikawaambia watu wa Maweni habari ya salongo. Nikawaeleza kwamba kwetu Jumamosi asubuhi duka halifunguliwi, kila mtu anatoka na chombo chake, anafanya kazi ya mtaa, hata kama hampatani, hata kama jana mligombana. Waliangua kicheko. Mzee mmoja mwenye duka la viberiti na sabuni aliniuliza kama baada ya kuwaletea bahari sasa nataka kuwaletea jela. Jumamosi ya kwanza walikuja wanawake wanne, na Koko akiwa wa tano, na kigoda chake. Tulifanya kazi sisi tu. Jumamosi ya pili wakaja kumi na mmoja, kwa sababu wanawake wale wanne hawakunyamaza wiki nzima. Ya tatu, yule mzee wa duka alifunga duka. Alikuja amevaa kanzu safi, akasema amekuja kuangalia tu, na saa nne kanzu ilikuwa imekunjwa kiunoni.

Nitakueleza kazi kwa kifupi kwa sababu najua ukifika hapa utaanza kusoma kwa kidole. Mashimo ya chini tuliyaziba, mawe, udongo wa mfinyanzi, simenti juu. Iliniuma, lakini nilianza nayo kwa mkono wangu mwenyewe. Mashimo mapya tulichimba juu ya barabara, mbali na ufuo, mahali ambapo alama zangu zinaonyesha bahari haifiki hata ikijaa vipi. Huko juu mawe yanakunywa kama ya kwetu na hayatapiki. Maji ya paa yote yanaingia sitani. Yale machache yanayobaki yanafuata mfereji mmoja wa mawe mpaka baharini. Na kwenye mdomo wa mfereji kuna mlango.

Mlango huu ndio niliokuwa nampigia Kasereka simu, na yeye hakukuambia kwa nini kwa sababu nilimkataza. Nilitaka mlango unaofunguka kwa nje tu: mvua ikiusukuma kutoka ndani ufunguke, bahari ikiusukuma kutoka nje ujifunge. Bawaba za chuma hapa zinaliwa na chumvi kabla ya mwaka. Nikakumbuka chukudu. Mti mgumu, na mpira wa tairi la gari uliokatwa ukanda, unaopigiliwa juu ya gurudumu, unaobeba magunia ya makaa kutoka Kibati mpaka mjini bila kulalamika. Ukanda kama huo ungeweza kuwa bawaba, kwa hiyo nikamuuliza Kasereka anaukata vipi bila kupasuka. Alicheka mpaka akakohoa. «Yaya, dada yangu, sasa unataka bahari ipande chukudu?» Lakini alinieleza kila kitu, kisu kipi, misumari inapigwa upande gani, kwamba mpira ulowekwe kwanza. Mwambie asante. Mwambie pia mlango wake umepigwa na bahari ya Hindi na bado uko.

Wiki iliyopita mvua ilikuja. Ilikuja siku ya mwezi mpevu, unaona bahati yangu! Saa tisa mlima ulipotea, saa kumi kasoro ikaanguka. Na saa kumi ndiyo saa ya bahari kujaa. Nilisimama kwenye barabara chini ya mvua bila mwavuli. Nilisali Salamu Maria na watu wa Maweni walikuwa wanasoma dua zao, kila mmoja kwa upande wake, kwa sauti.

Maji yalishuka kutoka mlimani mekundu, yakafika kwenye mashimo ya juu, yakajaa mpaka ukingoni. Nikafikiri: imekwisha. Halafu yakaanza kuzunguka katikati, unajua vile yanavyozunguka yakianza kunywewa, na yakashuka. Chini bahari ilikuwa inaupiga mlango, pa, pa, pa, na mlango umebana. Mfereji ulijaa, ukajaa, ukafika kidole kimoja kutoka kwenye kizingiti cha Koko. Ukakaa pale. Sikumbuki muda gani. Tulikuwa tumeusimamia watu wote tunautazama kama wagonjwa wanaongojea daktari. Kisha bahari ikaanza kurudi na mlango ukafunguka wenyewe, maji ya mfereji yakatoka kwa nguvu, na yule mzee wa duka akanishika mabega akanitikisa akipiga kelele maneno ambayo sikuelewa hata moja.

Sikudanganyi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Nyumba moja ya pembeni maji yaliingia kupitia ukuta, na kona moja ya mfereji ilibomoka, tumeijenga upya. Nilijua ni kona ile. Niliifanya siku yenye jua kali nikiwa na haraka, na ungekuwepo ungeniambia niivunje. Lakini katika sitani ya Koko maji ni matamu. Nimeyanywa mbele yake.

Injinia alikuja asubuhi iliyofuata na mabuti yake. Alipiga mlango teke, akainama akaangalia mpira, akauliza nani alibuni. Nikamwambia: «Watu wa volkano.» Alicheka, nampa haki yake. Ile nyumba ya pembeni ameihesabu kuwa ukuta mbovu tu, na karatasi ya kuwahamisha watu imewekwa kando, si kwamba imechanwa, imewekwa kando mpaka msimu mwingine. Watarudi na vipimo vipya, najua. Bahari nayo itarudi, na haitakuwa fupi zaidi ya mwaka huu. Waje. Tutakuwa tumepandisha kuta.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nichukue kalamu.

Unakumbuka, Papa, katika kazi yako yote hujawahi kuweka jiwe la mwisho la nyumba ya mtu. Ulikuwa unaacha pengo juu ya mlango, unamwita mwenye nyumba hata kama ni mzee asiyeona, unampa jiwe aweke kwa mkono wake. Mafundi wengine walikucheka. Ulisema: «Jiwe ya mwisho ni ya mwenye nyumba. Fundi akiiweka, ile nyumba itabakia ya fundi.» Na nyumba yetu ilipokwisha, wewe ukiwa fundi na mwenye nyumba pia, hukuliweka. Ulinibeba mabegani ukanipa mimi.

Basi na hapa niliacha pengo, juu ya mlango wa mfereji. Ofisi iliposikia ikataka kuleta mkubwa mmoja aje aliweke, na utepe, na picha. Niliwaambia watu wa Maweni desturi yako, jinsi ilivyo, na nikasema jiwe ni lao, wachague wenyewe mtu. Wakakaa kikao uani kwa Koko. Mimi sikuingia, haikuwa kazi yangu. Nilikaa nje natayarisha simenti, nikijua watamchagua Koko, na nilikuwa nimefikiria hata jinsi ya kumshika mkono asiteleze.

Walitoka wote pamoja. Koko alikuwa amelibeba jiwe mwenyewe, kwenye kanga, na miaka yake ile. Hakulipeleka kwenye pengo. Alilileta kwangu, akaliweka mikononi mwangu.

Nikasema: «Hapana, Koko, hujanielewa. Jiwe hili haliwekwi na fundi. Linawekwa na mwenye nyumba.»

Akasema: «Nimekuelewa tangu mwanzo. Liweke.»

Nililiweka, Papa. Sikuona vizuri nilipokuwa naliweka, lakini limekaa sawa, nimelipima.

Kwa hiyo usiniambie nirudi nyumbani. Nitakuja, Pasaka ikinipa njia nitakuja, nitakula sombe ya mama mpaka nishindwe kusimama, nitagombana na wewe uso kwa uso. Lakini nitakuja kama mtu anayewatembelea wazazi wake, halafu nitarudi.

Nisalimie mama, umwambie dawa ni kila siku. Msalimie mama mdogo anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, kule Mabanga, na yule mama wa Masisi jirani yetu anayetuletea jibini, mwambie hapa hakuna na nateseka. Msalimie padri aliyenibatiza, mwambie misa nahudhuria, kanisa ni dogo lakini lipo. Kasereka nimeshamsalimia, inamtosha.

Na ukimaliza kusoma, pokea simu.

Binti yako mwenye kichwa kigumu, na unajua nimekirithi wapi,

Kavira